Mtoto wa miezi 22 ana maneno manane tu: nicheze naye vipi ili aongee?

MamaWaWawili

Habari zenu wazazi wenzangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, na kama yupo mtaalamu wa usemi humu nitashukuru zaidi.

Mwanangu wa pili ni wa kiume, ana miezi 22. Maneno ninayomhesabia ni manane: mama, baba, maji ("mai"), hapana ("apaa"), njoo, twende ("ende"), taa na mpira ("pia"). Kaka yake kwa umri huu alikuwa tayari anaunganisha maneno na kuuliza maswali. Huyu mdogo anaelewa karibu kila kitu. Nikimwambia "kalete kiatu cha baba" anakwenda chumbani, anakileta kimoja, kisha anarudi kufuata cha pili bila kuambiwa. Akitaka kitu ananyoosha kidole, ananitazama mimi, anakitazama kile kitu, ananitazama tena mpaka nielewe. Gari likipita anasema "vuuu", akiona mbuzi "mee", kitu kikianguka "puu", lakini hayo sijayahesabu maana si maneno.

Anapenda vifuniko kuliko kitu chochote. Sufuria, kopo, ndoo ndogo, chupa tupu, mradi kuna cha kufunga na kufungua atakaa hapo peke yake, kimya, amezama kabisa.

Nimenunua kadi za picha. Jioni namkalisha mbele yangu: "Hii nini? Sema ng'ombe." Ya kwanza anaitazama, ya pili anaitupa, ya tatu ameshaondoka. Ana gari la betri linaloimba herufi, na kwenye simu nimemwekea katuni zenye nyimbo za watoto ili asikie maneno mengi. Nyumbani wengine wananiambia watoto wa kiume huchelewa, nitulie. Wengine wanasema nisimpe kitu mpaka akitaje.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Nicheze naye vipi, mimi na yeye tukiwa tumekaa sakafuni, bila kununua vitu vingine? Na nitajuaje kama ni kuchelewa tu au kuna tatizo?

TibaUsemi

Dada, umemweleza mwanao vizuri kuliko fomu nyingi ninazojaziwa kliniki. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, na watoto wa umri huu ndio wengi ninaowahudumia, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Rudi kwanza kwenye hesabu yako. "Vuuu", "mee" na "puu" ni maneno, yahesabu. Tunachoangalia ni kama mtoto anatoa sauti ileile, kwa kitu kilekile, kwa kukusudia, hata kama mgeni asingeielewa. Kwa hiyo hapo tayari ana kumi na moja, na ukimfuata siku chache ukiwa na kalamu utayakuta mengine. Kiswahili kimejaliwa sauti za namna hii: chubwi, puu, pwaa, kacha, ngo ngo ngo. Zitumie bila haya mnapocheza. Ni fupi, zina mdundo, mdomo mdogo unaziweza. Mtoto anayesema "chubwi" kila kitu kinapotumbukia kwenye beseni ameshajua kwamba sauti inaweza kusimama badala ya tukio, na huo ndio mlango wenyewe wa lugha.

Jambo la pili lililonifurahisha ni kile kidole. Kunyoosha kidole, kukutazama, kutazama kitu, kukutazama tena: hayo ni mazungumzo yasiyo na sauti. Mwaka 2009 Meredith Rowe na Susan Goldin-Meadow walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ishara alizotumia mtoto akiwa na miezi 14 zilihusiana na msamiati wake alipofika miezi 54. Kwa hiyo kila anaponyoosha kidole, mpe jina la kile anachokionyesha, hapohapo, kabla hajahamisha macho. "Ndege! Ndege ameruka." Basi. Usimgeuzie iwe swali.

Sasa kadi. Ziweke kando. Kadi hazina ubaya wowote, ila zinamwondoa mtoto kwenye kitu alichokuwa anakiwaza na kumpeleka kwenye kitu unachokiwaza wewe. Mwaka 1986 Michael Tomasello na Michael Jeffrey Farrar walionyesha kwamba mtoto hushika jina jipya vizuri zaidi likitajwa wakati tayari anakitazama kitu chenyewe, kuliko mtu mzima anapojaribu kwanza kumvuta akitazame. Mwanao anatazama vifuniko. Basi somo lake liko kwenye vifuniko, na kadi ya ng'ombe itasubiri.

Kaa sakafuni mkabiliane, uso wako uwe usawa na wake, ikibidi lala kifudifudi. Anatakiwa auone mdomo wako na wewe uyaone macho yake yanakwenda wapi. Chukua sufuria yako na kifuniko chako, mbali na vyake. Dakika ya kwanza usiseme neno. Mtazame tu anafanya nini. Wazazi wengi hili huwashinda, maana tunahisi ukimya ni wakati unaopotea, kumbe mtoto ndipo anapokuonyesha mchezo wenyewe ni upi. Pengine hapendi kufunga, anapenda mlio. Pengine anapenda kuangalia kama kitu bado kimo ndani.

Kisha mwige. Akifunga, funga. Akigonga, gonga. Atakutazama kwa mshangao, na hapo mmeshakuwa wawili kwenye mchezo mmoja. Ndipo uanze kutia maneno, machache, kwenye kile anachokifanya wakati huohuo: "Funga." "Fungua." "Imo!" "Haimo!" "Gonga, gonga." Angalia nilivyochagua vitenzi. Wazazi wengi wakitaka kufundisha mtoto kuongea humfundisha majina ya vitu, na majina peke yake hayaunganiki. Mtoto mwenye "funga", "toa", "tia", "mwaga", "lete", "kwisha" ana vifaa vya kujengea sentensi, maana kesho atasema "mai kwisha" au "baba toa". Tena Kiswahili kinatusaidia hapa: kitenzi cha kuamrisha kinatoka kifupi, bila viambishi mbele, na watoto wetu wengi huanza hivyohivyo, "taka", "anguka", "lala", viambishi vikafuata baadaye. Kwa hiyo akisema "anguka" usimwambie amekosea. Mrudishie ikiwa imekamilika, kwa furaha: "Eeh, kimeanguka! Kifuniko kimeanguka." Amesikia muundo sahihi wakati akili yake iko palepale.

Ukishasema neno, nyamaza. Hiki ndicho ninachotaka ukichukue kuliko vingine vyote nilivyoandika. Sema "fungua", kisha funga mdomo, mtazame kwa uso wa mtu anayetegemea jibu, uhesabu kimoyomoyo taratibu mpaka tano, hata mpaka kumi. Mtoto wa umri huu anahitaji muda wa kusikia, kutafuta neno, kuuandaa mdomo na kulitoa. Sisi watu wazima tukishaona sekunde mbili zimepita tunajaza wenyewe, na zamu yake tumeila. Katika kipindi kile cha kusubiri anaweza kutoa sauti, kunyoosha kidole, kukusogezea sufuria, au kukutazama tu. Yote hayo yapokee kama jibu. Akikusogezea sufuria: "Oh, fungua! Mama afungue." Ukaifungua.

Najua tumezoea kusikia kwamba mtoto aongeleshwe sana, amwagiwe maneno. Maneno anayahitaji, ni kweli, ila zamu anazihitaji zaidi. Mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa miaka 4 hadi 6 ambao mazungumzo yao ya nyumbani yalirekodiwa. Kilichohusiana na utendaji wa eneo la lugha kwenye ubongo wakati mtoto anasikiliza hadithi ni idadi ya zamu za kupokezana kati ya mtoto na mtu mzima, hata baada ya kuzingatia wingi wa maneno aliyoyasikia. Hao ni wakubwa kuliko mwanao, lakini ninachokiona sakafuni na wadogo kinafanana na hicho.

Michezo ya kusubiri iko mingi na hainunuliwi. Mviringishie mpira ukisema "moja, mbili…" halafu ushike mpira, usubiri. Baada ya siku chache ile "tatu" ataitoa yeye, au hata "ta". Jifunike kitambaa usoni na usitoke mpaka atoe sauti ya kukuita. Weka kitu anachokipenda ndani ya chupa pana inayoonyesha ndani, kifuniko ukikaze kiasi kwamba hawezi peke yake, umpe. Kwa mpenda vifuniko kama huyu hapo umempata: ataihangaikia, kisha atakuletea, na sasa ana sababu ya kweli ya kukuambia "fungua".

Na hapa nitofautiane na waliokushauri umnyime mpaka ataje. Ukimpa nafasi ya kujaribu na ukapokea jaribio lolote, unamfundisha kwamba kuwasiliana kunaleta matokeo. Ukimnyima mpaka alie, unamfundisha kwamba kuongea ni mtihani anaoshindwa. Subiri hesabu yako ya kumi, taja neno mwenyewe, mpe. Kesho mtarudia.

Gari la kuimba: toa betri. Linabaki gari, na sasa "vuuu" ataisema yeye. Mwaka 2016 Anna Sosa wa Northern Arizona University alichapisha ulinganisho wa wazazi wakicheza na watoto wa miezi 10 hadi 16 kwa vitu vya kuchezea vya betri, vitu vya kawaida na vitabu. Penye vile vya betri wazazi walisema maneno machache zaidi, zamu za mazungumzo zikapungua na watoto nao wakatoa sauti chache kuliko penye vitabu. Ukifikiria inaeleweka: kitu kinachoongea chenyewe kinachukua zamu ya mzazi.

Simu ni habari hiyohiyo. Patricia Kuhl na wenzake mwaka 2003 waliwapa watoto wa Marekani wa miezi 9 mtu wa kucheza na kuongea nao Kimandarini uso kwa uso, na watoto wengine wakapata lugha hiyohiyo kwa televisheni au kwa sauti peke yake. Waliokuwa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Wa televisheni na wa sauti hawakujifunza. Katuni haiwezi kumwona mwanao amenyoosha kidole wapi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauwapendekezei watoto wa mwaka mmoja muda wa skrini wa kukaa tu, na kuanzia miaka 2 unasema usizidi saa moja kwa siku, ukipungua zaidi ni bora. Nyimbo zile unazijua kwa moyo sasa. Ziimbe mwenyewe.

Kuhusu swali la pili nitakujibu kwa uwazi: kati ya yote uliyoandika, kuelewa kwake na kidole chake vinanipa moyo, na idadi ya maneno inanitaka nifuatilie. Orodha ya hatua za ukuaji ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliyorekebishwa mwaka 2022, inaweka kuunganisha maneno mawili kwenye umri wa miaka 2, na kusema maneno yapata 50 kwenye miezi 30. Ana muda, lakini usisubiri muda uishe ndipo uanze kuulizia. Cheza kuanzia leo na uombe kipimo cha usikivu wiki hii. Vyote kwa pamoja.

BabaMtuMmoja

Shemeji, hapo kwenye kipimo cha usikivu naomba nisisitize, maana ndipo habari ya binti yetu ilipoanzia.

Alikuwa na miaka 2 na kitu, maneno kidogo, na kila mtu alisema "huyu anasikia, mbona ukimwita anageuka?" Kweli alikuwa anageuka. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba anageuka zaidi akiwa ametuona. Ukimwita akiwa amekupa mgongo na kuna mvumo wa watu sebuleni, hageuki. Tena akawa anapenda kutuangalia midomo, na alikuwa na mafua yasiyokwisha. Walipompima walikuta maji nyuma ya kiwambo cha sikio, masikio yote mawili. Si uziwi, alikuwa anasikia, ila kama sisi tunavyosikia vidole vikiwa vimeziba masikio. Hebu fikiria kujifunza lugha kwa hali hiyo. Zile sauti ndogondogo kama s, f na sh ndizo za kwanza kupotea.

Tulielezwa kwamba mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo kwanza wanafuatilia, na yasipokauka wanaweza kuweka kibomba kidogo sikioni. Yake yalikauka. Wakati wa kusubiri mtaalamu wetu alitubadilishia mambo mawili tu: tuzime televisheni tunapocheza naye, na tusiongee naye tukiwa tumempa kisogo. Nyumba ikatulia kwa namna ambayo sisi wenyewe tuliipenda.

Mchezo wetu mkubwa ukawa wa kutafuta mlio. Mimi naficha saa ya kengele chini ya mto au nyuma ya pazia, yeye anaisaka kwa masikio. Mwanzoni nilikuwa naiacha wazi kidogo aione. Halafu tukabadilishana, yeye anaficha, mimi natafuta, na kazi yangu ilikuwa kukosea kwa sauti kubwa: "Iko chini ya kiti? Haipo! Iko ndani ya kapu? Haipo!" Hayo maneno ya mahali, chini, juu, ndani, nyuma, aliyapata kwenye mchezo huo na sikumbuki kumfundisha. "Aipo!" ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza tuliyoishangilia.

Kwa hiyo nenda, shemeji, hata kama una uhakika anasikia.

MwalimuWaWadogo

Naungana na waliotangulia, na niongeze kidogo upande wa vitabu, kwa kuwa nakaa na watoto wa miaka 2 na 3 darasani kila siku.

Kwa mtoto kama huyu usisome kitabu kwa maana ya kusoma maandishi. Mwache ashike yeye, afungue yeye, hata akianzia mwisho. Akisimama kwenye ukurasa na wewe simama hapo. Taja anachokigusa, ongeza jambo moja dogo, subiri. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walionyesha kwamba wazazi waliofundishwa kukifanya kitabu kuwa mazungumzo, mtoto akiongea na mzazi akimjibu na kupanua alichosema, watoto wao walipiga hatua katika lugha kuliko wale waliosomewa kwa namna ya kawaida. Maswali yanaruhusiwa, lakini yawe yale ambayo wewe mwenyewe hulijui jibu. "Hii nini?" mtoto anajua kwamba unajua. "Ooh, huyu anakwenda wapi?" ni swali la kweli.

Kitabu kizuri kuliko vyote kwa umri huu mnaweza kukitengeneza: picha za watu wa nyumbani, kiatu cha baba, sufuria yake, mlango wenu, zibandike kwenye karatasi ngumu mzishone pembeni. Mtoto anajikuta yumo. Nimeona watoto wakimya wakilitamka jina la dada yao kwa mara ya kwanza wakiwa na kitabu kama hicho mapajani.

Na nyimbo za vitendo: imba polepole kuliko ulivyozoea, kisha kata kabla ya neno la mwisho. Usilimalizie haraka.

MamaWaWawili

Asanteni sana, sana. Mwalimu, kitabu cha picha nakianza kesho. Shemeji, nimeshapanga kumpeleka akapimwe masikio.

Dada TibaUsemi, nimejaribu leo ile ya kukaa kimya. Nilimwiga kufunga kopo, alicheka mpaka akakaa chini. Niliposema "fungua" nikanyamaza, alinisogezea kopo akasema "ua". Sijui kama niihesabu.

Yamebaki mawili. Bibi yake mzaa baba anaishi nasi na anaongea naye lugha yake ya kikabila, sisi tunaongea Kiswahili. Kuna aliyetuambia tumwambie bibi aache, kwamba mtoto anachanganyikiwa. La pili ni kaka yake wa miaka 5. Huyu ndiye msemaji wa mdogo wake. Mdogo akifungua mdomo tu, kaka ameshajibu: "Anataka maji." Na kweli anakuwa anataka maji.

TibaUsemi

Ihesabu! "Ua" wakati anakupa kopo la kufunguliwa ni neno, na umelipata kwa kusubiri. Kesho mrudishie "fungua" nzima kila mara, bila kumtaka airudie.

Bibi asiache hata siku moja. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea na hazimchanganyi. Mwenye tatizo la lugha atakuwa nalo katika lugha zote mbili, na asiye nalo hatalipata kwa kuongezewa ya pili. Kinachotokea ni kwamba maneno yake yamegawanyika: anaweza kuwa na "maji" kwa Kiswahili na "lala" kwa lugha ya bibi. Ukihesabu upande mmoja unaona pengo ambalo halipo. Kwa hiyo kaa na bibi, mpe heshima yake, mwombe akutajie maneno anayoyasikia kwake. Nimeshuhudia orodha ya mtoto ikikaribia kuwa mara mbili baada ya mzazi kumuuliza bibi. Na fikiria mnachompotezea mkimnyamazisha: mtu mzima mwenye muda, mwenye hadithi, anayempenda, akiongea naye kwa lugha anayoimiliki vizuri kuliko nyingine. Kumlazimisha bibi aongee lugha anayoitafutia maneno ni kumpunguzia mtoto lugha bora aliyokuwa anaipata.

Kaka yake ni hazina, ila anahitaji kazi nyingine. Ukimwambia "nyamaza, mwache aseme" ataona amekosa, na mdogo ataona macho yote yamemwelekea, atajifunga. Badala yake mfanye kaka kuwa mshika zamu. Tengenezeni mchezo wenye kijiti au kofia: mwenye kofia ndiye anayeongea au anayeamrisha, wengine wanatii. Kofia ikiwa kwa mdogo, akisema "puu" nyote mnaanguka chini. Hapo utaona mtoto wa miezi 22 akigundua nguvu ya sauti yake, na kaka mtu atafurahia kuanguka kuliko kutafsiri. Kaka pia mfundishe ile hesabu ya kimoyomoyo. Watoto wa miaka 5 huichukulia kama siri kubwa na huitunza vizuri.

Mchezo mwingine wa kuwaunganisha wawili ni wa kujifanya. Mwanao mdogo anakaribia umri ambao sufuria inaweza kuwa gari na kifuniko kikawa usukani. Kitu kimoja kusimama badala ya kingine ni akili ileile inayofanya neno lisimame badala ya kitu, ndiyo maana sisi tukimpima mtoto lugha huwa tunaangalia na anavyocheza. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky aliliona hilo zamani katika mtoto anayepanda fimbo na kuiita farasi. Mwanzishie madogo: mwanasesere analala, mfunike, "shh, lala". Mwanasesere ameamka! Kaka ataendeleza mengine, wewe hutahitaji kufikiri.

Usijisumbue na utamkaji sasa. "Pia" kwa mpira na "mai" kwa maji ni sawa kabisa kwa umri huu. Sauti kama r huchelewa, na watoto wengi huweka l mahali pake kwa muda mrefu tu.

Kuhusu lini uende kwa mtaalamu: ungeniambia kwamba hanyooshi kidole, hageuki akiitwa, hakutazami, haelewi maneno mepesi bila kuonyeshwa, ningekuambia nenda leo. Na kama alikuwa na maneno akayapoteza, hiyo kwa umri wowote haisubiriwi. Hayo kwako sijayaona. Wewe nenda kwa kipimo cha usikivu sasa, endelea kucheza, na akifika miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili omba tathmini ya usemi na lugha hata kama masikio ni mazima. Wengi wanaochelewa namna hii, wanaoelewa vizuri, huwafikia wenzao, lakini hatuna njia ya kumjua mapema ni nani hatawafikia, na msaada wa mapema haumdhuru yule ambaye angeongea tu. Hoja ya kwamba ni wa kiume isikucheleweshe: tofauti ya wastani kati ya wavulana na wasichana ni ndogo, na haitoshi kueleza ukimya wa mtoto mmoja.

Siku ya kwenda, beba video fupi mbili au tatu akicheza nyumbani na mtu aliyemzoea, maana kliniki watoto wengi hunyamaza na sisi tunabaki kukisia. Moja iwe ya vifuniko. Beba na karatasi ya maneno yake yote, zile sauti zikiwemo, uandike kila neno analisema vipi na kwa kitu gani: maneno ya Kiswahili upande mmoja, ya bibi upande wa pili.